Okidi Katika Nyumba na Bustani Zetu



Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya maua yaitwayo okidi, na namna ya kuyatunza nyumbani na bustanini hata yakastawi na kuchanua mwaka baada ya mwaka. Tumelichagua jambo hili kwa sababu twaona watu wengi wananunua okidi kwa fedha si haba, au wanapewa zawadi siku ya arusi, na baada ya miezi sita chombo ki tupu. Wenyewe husema, "Ua hili ni la Ulaya, halipendi nchi yetu." Maneno hayo si kweli. Afrika ya Mashariki ina okidi zake za asili mamia kwa mamia, tangu mawe ya matumbawe ya ufukoni hata misitu ya milimani yenye ukungu na baridi. Okidi hazifi kwetu kwa sababu ya nchi. Zinakufa kwa sababu zinafukiwa katika udongo zisioupenda, na kwa sababu zinawekwa mahali pasipo pao.

Tuanze na tabia ya mmea wenyewe. Mtu akipita katika shamba la zamani huku Pwani, akainua macho katika mbuyu mkubwa, pengine ataona juu ya panda la tawi kichaka cha mashina marefu yaliyosimama kama miwa midogo, na chini yake mizizi mieupe iliyochongoka kuelekea juu kama sindano. Hiyo ni okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Jina la kwanza limetokana na John Ansell, aliyeiona katika kisiwa cha Fernando Po mwaka 1841. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, na shada moja laweza kuwa na maua mengi mno. Wengi hudhani kwamba mmea huo unanyonya mti kama kirukia anyonyavyo. Hasha! Okidi imepanda tu juu ya mti ili kupata mwanga na hewa; haichukui hata tone moja la utomvu. Ile mizizi iliyochongoka hushika majani makavu yaangukayo, nayo yakioza huwa ndiyo mbolea yake. Maji yake ni mvua na umande.

Mizizi ya okidi za namna hii imevikwa ganda jeupe, laini kama sifongo, ambalo hunywa maji ya mvua upesi sana, kisha hukaushwa na upepo. Ikiwa kavu huwa na rangi ya fedha. Ikilowa hugeuka kijani. Tafadhalini liwekeni jambo hili moyoni, maana ndilo litakalowaambia wakati wa kunywesha. Basi mzizi kama huo ukizikwa katika udongo mwekundu, ukashindiliwa kwa vidole, ukamwagiwa maji asubuhi na jioni, hukosa hewa, na kwa muda wa majuma machache huoza. Mmea ukisha kupoteza mizizi hauwezi kunywa, na majani yake hulegea na kujikunja. Mwenyewe akiona majani yamelegea hufikiri mmea una kiu, akaongeza maji. Twasikitika kusema kwamba okidi zinazokufa kwa kuhurumiwa ni nyingi kuliko zinazokufa kwa kusahauliwa.

Kwa hiyo wekeni udongo mbali. Chombo kilicho bora ni chungu cha udongo wa mfinyanzi chenye matundu mengi, ubavuni na chini, au kikapu cha vipande vya mbao vilivyopigwa misumari kwa kuachana, hata hewa ipite kila upande. Ndani yake tieni vipande vya mkaa, vigae vya chungu kilichovunjika, na makumbi ya nazi yaliyokatwa ukubwa wa kidole gumba. Walakini makumbi yana chumvi, nayo okidi haipatani na chumvi. Kwa hiyo yalowekeni siku tatu au nne, na kila siku mwage maji yale na kutia mengine. Wakaao bara, mahali ambapo nazi ni haba, watumie magome ya msunobari yaliyovunjwavunjwa. Vitu hivi vyote huoza polepole, na baada ya miaka miwili au zaidi kidogo hugeuka kuwa kama udongo. Hapo hapana budi kuvibadili.

Habari za maji zataka maneno zaidi, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Hatuwezi kuwaambia "mnywesheni kila siku ya Jumatatu na ya Ijumaa," kwa sababu okidi haijui siku za juma. Tazameni mizizi. Ikiwa imerudia rangi yake ya fedha, na chombo kikiinuliwa ni chepesi, tieni maji mengi hata yatoke chini. Ikiwa ingali kijani, mwacheni. Katika jua kali la kaskazi, okidi iliyotundikwa kikapuni huku Pwani yaweza kutaka maji kila siku. Wakati wa masika okidi ile ile, ikiwa nje, haitaki kitu chochote mkononi mwenu. Kunywesha kufanywe asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku, hasa katika nchi za baridi. Tena maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi chumvi, ambayo mnazi huvumilia lakini okidi haivumilii. Ncha za majani huwa nyeusi na mizizi hufa. Pipa moja lililowekwa chini ya mchirizi wa paa litatosha okidi nyingi.

Na mwanga je? Jani lenyewe litawajibu. Likiwa kijani cha giza, laini na refu kupita kiasi, mmea unakaa gizani na hautachanua, hata mkiungoja miaka mitano. Likiwa la manjano lenye mabaka yaliyoungua, jua limezidi. Rangi itakiwayo ni kijani chepesi, kama cha jani jipya la mgomba.

Sasa tufike katika nyumba zenu, maana nyumba hazilingani, na hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii. Mtu asianze kwa kusema, "Nimependa ua fulani, nitalilazimisha likae kwangu." Aanze kwa kuuliza, "Kwangu ni mahali gani? Usiku pana joto au baridi? Jua laingia wapi, na kwa saa ngapi?" Kisha atafute okidi ambayo kwao kwafanana na kwake.

Ninyi mnaokaa Mombasa, Unguja, Tanga au Dar es Salaam, katika nyumba zenye ua wa ndani au roshani, mmejaliwa joto na unyevu ambao watu wa Ulaya huutengeneza kwa gharama kubwa ndani ya nyumba za vioo. Zitundikeni okidi chini ya paa la makuti yaliyosukwa nafasi nafasi, au chini ya ukingo wa baraza upande wa mashariki, zipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Upepo upite, ua uliofungwa kila upande, usio na upepo, huleta ukungu na kuoza. Aina zifaazo ni nyingi: zile dendrobiamu za nchi za joto, vanda zitundikwazo mizizi mitupu bila kitu chochote chomboni, na okidi zetu wenyewe.

Kati ya hizo zetu tungependa kuwatajia moja ambayo twaona haipewi heshima yake. Katika Pwani ya Kenya na ya Tanzania iko okidi kubwa ya majani mapana, ambayo wataalamu wameipa jina la Wagiriama, Angraecum eburneum giryamae. Huota juu ya miti, na juu ya mawe ya matumbawe pia, mahali pa joto pasipo na udongo wa kutajwa. Ua lake ni jeupe lenye kijani, na harufu yake huja usiku. Mtu aliye nayo barazani hahitaji kuwasha udi baada ya magharibi! Harufu ile si bure. Ni mwito kwa nondo wakubwa warukao gizani, wenye mirija mirefu ya kunywea. Ndugu yake wa Bukini ana mkia wa asali mrefu kiasi cha sentimeta 30, naye Charles Darwin, alipoliona ua hilo, aliandika mwaka 1862 kwamba lazima yuko nondo mwenye mrija wa urefu huo, ingawa hapana aliyemjua. Darwin alifariki mwaka 1882. Nondo wa Bukini mwenye mrija mrefu namna hiyo alielezwa na wataalamu mwaka 1903.

Mwenye bustani yenye miti ya Pwani hana haja ya chombo kabisa. Achague mti wenye gome la kukwaruza lisilobanduka, kama mwembe au mkwaju. Mkaratusi haufai, maana huvua gome lake na okidi pamoja. Mwanzo wa mvua aifunge okidi juu ya tawi, upande wa mashariki, kwa ukindu au kamba ya mgomba. Kamba hizo huoza zenyewe baada ya mizizi kushika. Kivuli cha mwembe ni kizito, kwa hiyo mmea uwekwe pembeni mwa mti, si katikati. Katika miezi ya kwanza anyunyizie maji mvua zikikosa. Baadaye mti, upepo na masika vitafanya kazi yake. Na mahali penye jua tupu, ambapo okidi nyingine zingeungua, yafaa kupandwa ile vanda iliyozaliwa Singapore katika bustani ya Bibi Agnes Joaquim, iliyotangazwa mwaka 1893 na kufanywa ua la taifa la nchi ile mwaka 1981. Hiyo hufungwa kwenye nguzo kama pilipili manga, na desturi yake ni kutochanua mpaka kilele chake kipite juu ya nguzo. Kwa hiyo msimpe nguzo ndefu mno.

Lakini wako wengi wasio na ua wala bustani, wakaao ghorofani na dirisha moja. Kwao ipo ile okidi ya majani mapana manene na maua yenye umbo la kipepeo, inayouzwa sana madukani. Asili yake ni misitu ya Asia, Ufilipino na nchi jirani zake. Yapenda kivuli chepesi na joto, na dirisha la mashariki layitosha. Jambo la kuogopa ni maji kutuama katikati ya majani, maana moyo ukioza mmea umekwisha. Yakiingia yafuteni kwa kitambaa. Maua yakisha kuanguka msiutupe mmea! Ukateni ule uti wa maua juu kidogo ya fundo la pili au la tatu kutoka chini, na pengine utachipua tena. Ili itoe uti mpya, okidi hii hutaka majuma kadhaa ya usiku wenye ubaridi kidogo. Basi katika miezi ya kipupwe, Juni hata Agosti, iacheni karibu na dirisha lililo wazi usiku, mbali na jiko.

Hali ya nchi za juu ni nyingine kabisa. Wakaao Nairobi, Limuru, Arusha au Lushoto wasihangaike na vanda za joto. Zitasinyaa mwezi wa Julai. Badala yake wapande simbidiamu, ambayo asili yake ni miteremko ya milima ya Himalaya na nchi za karibu. Hiyo hutaka usiku wa baridi ndipo ichanue. Mtu wa Mombasa aweza kuitunza miaka kumi akapata majani mazuri tu, na mwenzake wa Limuru akaiacha nje uani akapata maua yanayodumu majuma mengi. Yapandwa katika chombo kikubwa kidogo chenye magome na changarawe, hupenda jua la asubuhi, na haipendi kusumbuliwa mpaka imekijaza chombo chake. Zipo pia okidi zetu ndogo za bara, za jamii ya Aerangis, zenye maua kama nyota. Moja yao ina maua ya rangi ya maziwa na kitovu chekundu. Huota juu ya vitawi vyembamba, nayo hukaa vema ikifungwa juu ya kipande cha mti na kunyunyiziwa kila asubuhi. Iwekeni kivulini.

Mbolea tutaisema kwa ufupi. Nusu ya kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, kila baada ya majuma mawili, wakati mmea unapokua. Na mara moja kwa mwezi maji matupu mengi ya kuosha chumvi iliyobaki. Wadudu wenye gamba waondolewe kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Konokono watafutwe usiku kwa taa.

Labda mwanamke mmoja anayetusikiliza anasema, "Haya ni mapambo, nami nina watoto wa kulisha." Tumkumbushe kwamba lavani nayo ni okidi. Ilitoka Meksiko, na nje ya kwao kwa kawaida haikuzaa, kwa kuwa hapakuwa na wadudu wa kuichavusha, mpaka mwaka 1841 ambapo Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, alipoonyesha namna ya kuliunganisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo itumiwayo hata leo katika mashamba ya Ngazija, Bukini na Uganda. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Lisiposhughulikiwa kabla ya mchana huanguka. Ganda lake huiva baada ya miezi kiasi cha tisa. Kazi ni nyingi na bei yake hupanda na kushuka, lakini mizabibu michache ya lavani chini ya kivuli cha bustani haidhuru mtu.

Sasa tunafika katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko yote tuliyosema. Okidi mtaipata wapi? Wako watu waendao msituni na panga, wakakata tawi zima, wakaleta mafungu ya okidi ya chui kuuza. Mnunuzi huona rahisi. Lakini mbegu ya okidi ni kama vumbi. Tunda moja laweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja iliyobeba chakula chake. Mtaalamu Mfaransa Noël Bernard alivumbua mwaka 1899 kwamba mbegu hizo hutegemea kuvu fulani kuzilisha ndipo ziote. Mbegu nyingi hupotea, na mche mmoja ulioshika hungoja miaka kadhaa kabla ya kuchanua mara ya kwanza. Kwa hiyo mti uliovuliwa okidi zake leo, watoto wetu hawataziona juu yake.

Mfano uko Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari, mahali ambapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Okidi za huko huota ardhini, na zina viazi vidogo chini. Viazi hivyo vilichimbwa kwa wingi mno na kupelekwa Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga na kufanywa chakula kiitwacho chikanda. Hatumlaumu mlaji, ni chakula cha jadi na watu wanakipenda. Walakini kiazi kikisha kuchimbwa mmea umekufa. Tangu mwaka 2005 Kitulo ni hifadhi ya taifa. Basi okidi za ardhini namna hiyo msijaribu kuzihamisha nyumbani. Zikitengwa na udongo wake na kuvu yake hudhoofu, kisha hufa.

Kuna njia njema zaidi. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu za okidi zaweza kuoteshwa ndani ya chupa iliyo safi kabisa, juu ya chakula cha sukari na madini, pasipo ile kuvu. Kwa sababu hiyo watunza bustani wanaweza kuzalisha miche maelfu bila kugusa msitu. Mnunuzi amwulize muuzaji mmea umetoka wapi. Mmea wa msituni hutambulikana: mizizi yake imekatwa, majani yana makovu, na aghalabu umeshikana na kipande cha gome. Tena yako mapatano ya mataifa, yaliyoanza kutumika mwaka 1975, ambayo huzuia kuvusha okidi mipaka ya nchi bila kibali. Msafiri asizitie mfukoni.

Njia rahisi kuliko zote ni kumwomba jirani. Okidi ya chui ikikijaza chombo, au dendrobiamu ikiwa na mashina mengi, yafaa kugawanywa mwanzo wa mvua. Kisu kipitishwe kwanza katika moto, kisije kikachukua ugonjwa wa mmea mmoja na kuupa mwingine. Kila kipande kiwe na mashina matatu au manne, na jeraha lipakwe unga wa mdalasini, lakini unga usiguse mizizi, maana huikausha. Kipande kikae kivulini siku chache bila maji, ndipo kifungwe mahali pake. Mwaka wa kwanza huenda kisichanue. Msikipe mbolea mpaka mwone ncha mpya za mizizi, zenye rangi ya kijani, zinatambaa juu ya gome.